Nimwambie Mzee Mbele za Watu?

Ajenda ya nne ilikuwa jenereta.

Mimi kwenye vikao huwa naandika muhtasari. Taasisi ikiniita naenda, nakaa pembeni ya katibu, nafungua kompyuta, nasikiliza na kuandika mpaka mengineyo, kisha nachukua malipo yangu naondoka. Si mjumbe, sina hoja, na baada ya nusu saa watu husahau kwamba nipo. Ndiyo maana naona mengi.

Siku hiyo mkurugenzi alieleza kuwa umeme unakatika mno, jenereta ya zamani imechoka, na mzabuni mwenye bei nzuri ameshapatikana. Akataja ukubwa wa mashine. Upande wa pili wa meza fundi wa majengo, kijana wa miaka thelathini hivi, akageuza kabrasha lake, akaandika tarakimu nyuma ya ukurasa, akajumlisha, akainua uso. Nikajua huyu ana neno.

"Kuna mwenye maoni?" mkurugenzi akauliza.

Kimya. Kile kimya chetu cha vikaoni, watu wanafungua chupa za maji na kuchungulia simu chini ya meza.

"Basi kama hakuna, tuendelee."

Nikaandika: Wajumbe waliridhia.

Wakati wa chai nilisimama naye kwenye foleni ya sambusa. Nikamwuliza alikuwa anajumlisha nini.

"Dada, ile mashine ndogo. Ukiwasha viyoyozi vya ghorofa zote mbili na chumba cha seva, inazima."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Nimwambie mzee mbele za watu?"

Jibu hilo limekaa kichwani mwangu wiki kadhaa sasa. Naandika ili nilitue.

Si woga

Tuna jina tayari kwa jambo hili. Tunaliita nidhamu ya woga, na viongozi wetu wenyewe hulikemea majukwaani, halafu wakishuka jukwaani wanalilea.

Lakini yule kijana hakuwa mwoga. Ana ajira ya kudumu, anajua kazi yake, na mkurugenzi anampenda. Wala hakuniambia kwamba angefukuzwa. Alichokitaja ni mahali: mbele za watu. Alikuwa tayari mzee aambiwe. Hakuwa tayari aambiwe pale, mbele ya walio chini yake, na mbele yangu mimi mgeni mwenye kompyuta.

Na mimi nimelelewa hivyohivyo. Wageni wakiwa sebuleni na baba akakosea tarehe, jina au bei, unanyamaza. Baadaye unamwambia mama, mama anajua saa ya kumwambia. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ulifinywa mara moja chini ya meza, ukaelewa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa kwa nini watu wetu hawasemi. Lilikuwa: wanasemea wapi?

Njia ya dereva

Jenereta ile haikununuliwa.

Niligundua hilo kwenye kikao kilichofuata, chini ya yatokanayo. Mkurugenzi alisema ametafakari upya, mashine kubwa zaidi itafaa, fundi aandae vipimo. Hakuna aliyeshtuka. Kijana aliitikia kwa kichwa kana kwamba wazo hilo analisikia kwa mara ya kwanza.

Aliyelifikisha ni dereva.

Ni mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, amemzidi bosi wake umri kwa mbali. Fundi alimweleza jioni wakati wa kutoka. Asubuhi yake, kwenye foleni ya Mwenge, mzee akaanza kisa cha ukumbi mmoja uliokodi jenereta ndogo, muziki ukazima maharusi wakiwa wanakata keki. Mkurugenzi akacheka. Kisha akanyamaza. Walipokaribia Ubungo akauliza, "Hivi yetu ni ya ukubwa gani?" Mzee akasema yeye hajui mambo ya umeme, labda fundi anajua. Alinisimulia mwenyewe, kwa fahari ya mtu anayejua thamani ya kazi yake ya pili.

Ofisini anamwita "bosi". Garini, saa kumi na mbili unusu asubuhi, ni bosi anayemwamkia shikamoo.

Yeyote aliyefanya kazi kwenye ofisi zetu anaijua njia hii. Kama si dereva basi ni mhudumu wa chai, katibu muhtasi, au yule mama wa masjala aliyewaona wakurugenzi wanne wakija na kuondoka. Haimo kwenye muundo wa taasisi uliobandikwa ukutani, na bila hiyo taasisi nyingi zingekuwa zimeshaanguka.

Nilikuwa karibu kuishia hapo. Makala ingekuwa fupi na tamu: tuna hekima yetu, wageni hawaielewi, kwaheri.

Kilichoniharibia ni alichokifanya mkurugenzi. Ni mtu mwema, amesoma ng'ambo, na alipoelewa njia ambayo habari ilimfikia alifurahi. Akaamua kuirasimisha. Kwenye mkutano wa wafanyakazi wote akamsimamisha dereva wake, akamsifu, akamwomba atoe maoni kuhusu uendeshaji wa taasisi. Mzee akavua kofia, akashukuru, akasema hana la kuongeza, anaunga mkono yaliyosemwa na waliotangulia.

Aliniambia kwamba tangu siku hiyo hata garini anapima maneno.

Sitini na nne

Nikaanza kusoma. Ukitafuta kuhusu utamaduni na uongozi kazini hukosi kukutana na Geert Hofstede, Mholanzi aliyeanzisha idara ya utafiti wa wafanyakazi ya IBM Ulaya. Kati ya 1967 na 1973 kampuni hiyo ilikusanya madodoso zaidi ya 116,000 kutoka kwa wafanyakazi wake wa nchi nyingi, na yeye akayageuza kuwa alama za nchi. Alama mashuhuri kuliko zote ni ile ya umbali wa mamlaka, yaani walio chini wanatarajia na kukubali kwa kiasi gani kwamba nguvu haigawanywi sawa. Denmark ilipata 18. Uholanzi kwake 38. Malaysia 104.

Afrika Mashariki ilipata 64.

Hatukupewa alama kila nchi peke yake. Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zilichanganywa zikawa kitu kimoja, na Zambia bila kuulizwa ikawa Afrika Mashariki. Waliojaza walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani, miaka ambayo kompyuta nchi nzima ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Hao ndio waliotusemea sisi sote: mvuvi wa Kilwa, mfugaji wa Turkana, mama ntilie wa Manzese.

Hata hivyo sikuweza kuitupa namba hiyo. Semina za uongozi zinaitumia mpaka leo, na kila nilipoitazama nilimwona kijana wangu na tarakimu zake nyuma ya kabrasha. Sitini na nne ilimfaa.

Kisha nikatazama tena miaka. 1967 hadi 1973.

Miaka ileile

Wazee wanaosoma hapa wameshanitangulia.

1967 ni Azimio la Arusha. 1970 ni waraka wa Rais ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua Kampala, chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kikawapiga viongozi marufuku majivuno, fahari, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kama hirizi. Migomo ikafuatana kiwanda kwa kiwanda, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya matusi, ya kudharauliwa, ya jinsi meneja anavyosema na watu wazima. Mameneja wakafungiwa nje ya mageti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kiwanda chenyewe wakakiendesha.

Yaani wakati dodoso linaandika kwamba watu wa huku wanakubali umbali wa mamlaka, watu wa huku walikuwa wanamfungia bosi nje ya geti.

Nilisimama nikatembea sebuleni. Nilihisi nimempata Mholanzi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Nilimpigia baba mdogo, ambaye enzi hizo alikuwa kijana kiwandani, Chang'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, sisi tulisema kwa sababu Chama kilisema tuseme."

Nikabaki na simu mkononi. Ni kweli. Kifungu cha 15 kilitoka juu. Ujasiri ule ulikuwa na kibali, na wafanyakazi wa kwingine walipojaribu kwenda mbali kuliko kibali kinavyoruhusu, walifukuzwa kazi na kurudishwa makwao. Mtu akinena kwa sababu mkubwa wa mkubwa wake kamruhusu, hapo umbali wa mamlaka umepungua au umeongezeka?

Baba mdogo aliongeza jambo jingine ambalo sikulitilia maanani siku ile. "Lakini ukishasema mara moja," alisema, "hukuwa mtu yuleyule tena."

Sanduku la kufuli tatu

Jumamosi nilikuwa kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, Tabata.

Kuna mama mmoja pale ninayemwona pia kwenye vikao vya ofisi moja ninayoiandikia. Ofisini sijawahi kuandika jina lake penye "aliuliza". Jumamosi hiyo alisimama akamtaka mwenyekiti aeleze faini ya wachelewaji ya wiki iliyopita iko wapi. Ilikuwa shilingi elfu nne. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, mke wa shehe, tunamwamkia kwa mikono miwili. Alieleza. Maelezo hayakutosha, akaulizwa tena. Sanduku likafunguliwa, na kwa wasiowahi kuliona: lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa kwa sauti katikati ya duara. Elfu nne ikaonekana kwenye mfuko wa jamii. Mwenyekiti akasema, "Haya, mmeridhika?" Tukacheka, tukaendelea.

Mbele za watu. Tena mbele za watu ndipo hasa palipomwokoa. Lingeulizwa pembeni, lingekuwa fununu mtaa mzima kabla ya magharibi.

Waliokaa kwenye kamati za harusi wanajua zaidi. Mhazini anasimamishwa, ahadi inasomwa, taslimu inasomwa, mjomba wa bwana harusi anaulizwa bila haya laki mbili yake inakuja lini. Mwenyekiti wa kamati anaweza kuwa profesa. Anabanwa vilevile.

Watu haohao. Ngozi hiyohiyo, malezi hayohayo, shikamoo ileile. Kama ukimya ungekuwa damuni, tungeubeba mpaka Tabata.

Nikamwuliza yule mama tofauti ni nini. Hakuhitaji kufikiri. "Huyu tumemweka sisi, na mzunguko ukiisha tunaweza kumtoa. Yule wa ofisini ndiye anayesaini likizo yangu."

Nusu ya heshima

Likizo, safari, posho, mkataba, kukaimu cheo. Nakubali, hapo ndipo kimya kinaponunuliwa. Lakini haielezi kila kitu. Haielezi kwa nini bosi anavikwa joho la uzee hata akiwa na miaka thelathini na minane, kwa nini mama mwenye umri wa mama yake anamwita "mzee", kwa nini swali la ukubwa wa jenereta linageuka utovu wa adabu.

Nadhani ofisi ilikwenda nyumbani kwetu ikachukua nusu.

Nyumbani ukubwa ni jalala. Mzee anaamkiwa, anapewa kiti, anakula kwanza, na kwa malipo hayo anatupiwa kila kitu: msiba wa mbali ni wake, ada ya mtoto wa ndugu ni yake, simu ya saa nane usiku ni yake. Na wa kumkaripia hawakosekani. Bibi yupo, shangazi yupo, wazee wenzake wapo, na mtani yupo, ambaye anaweza kulala kaburini msibani na akakataa kutoka mpaka alipwe. Heshima ya nyumbani ina mlango wa nyuma, na mlango huo umejengwa kwa makusudi. Ofisi ilichukua maamkizi na kiti. Mlango wa nyuma ikauacha.

Nusu nyingine ya bosi wetu ilitoka bomani. Wasukuma walikuwa na wazee wa ikulu waliomchagua mtemi na walioweza kumwondoa, na raia waliochoshwa waliweza kuhama na ng'ombe wao, mtemi akabaki na ngoma. Gavana Donald Cameron alipoleta sheria yake ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, mtemi akawa mtu wa mshahara, anayewajibika kwa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Bado aliitwa mtemi na bado alipigiwa magoti, ila sasa wa kumwondoa alikuwa juu yake, si chini yake. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963. Meza ya DC haikufutwa.

Kwa hiyo mkubwa akiniambia kwamba watu wetu ndivyo walivyo, hawapendi kumpinga mkubwa, ni utamaduni, huwa nataka kumwuliza: upi? Wa bibi yangu, au wa DC?

Ngoja nijipinge kidogo kabla hamjanipinga. Utamaduni wa bibi yangu haukuwa pepo. Mwalimu Nyerere alipenda kusimulia juu ya wazee waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana, na simulizi hiyo ilisaidia kutetea mfumo wa chama kimoja, uliokuwa sheria mwaka 1965. Chini ya mti ule bibi yangu hakuwepo. Alikuwa jikoni. Kijana mwenye mahesabu yake naye angeambiwa angoje ndevu ziote. Mlango wa nyuma ulikuwepo, lakini kuna watu walioingia kwa huo tu, maisha yao yote, na hawakuwahi kuonja wa mbele.

Utani ndio ninaoukosa kuliko vyote. Kwenye taasisi ile ya jenereta mkurugenzi ni Mnyamwezi na mtunza stoo ni Mzaramo. Ni yeye peke yake anayeweza kumwambia mkubwa, mbele za watu, kwamba mpango wake mbovu. Anaanza kwa kumdai nauli ya mababu zake waliobebeshwa mizigo, chumba kizima kinacheka, na katikati ya kicheko anapenyeza hoja. Mkurugenzi hawezi kukasirika, maana akikasirika ameshindwa utani. Nimeona maamuzi yakibadilika hivyo.

Bahati mbaya mtunza stoo hajui umeme. Mwenye ulimi hakuwa na hesabu, na mwenye hesabu hakuwa na mtani.

Pasipo na foleni ya Mwenge

Hapa ndipo hoja ya dereva inaponishinda kabisa.

Njia ya dereva inahitaji muda. Inahitaji jioni, usiku wa kulala, kisa cha keki na foleni. Jenereta inasubiri. Kuna kazi ambazo hazisubiri.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa mzito na ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja. Rubani mkuu wa KLM, mmoja wa vigogo wa shirika lake na mwalimu wa marubani wengine, alianza kuikimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile ya Pan American haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege zikagongana. Walikufa watu 583.

KLM ni shirika la Uholanzi, nchi ya Hofstede, ile iliyopata 38.

Nililisoma hilo mara mbili. Waholanzi, wanaosifika kwa kumwambia bosi ukweli machoni, na bado ndani ya chumba kile kidogo mtu aliona, akauliza mara moja kwa upole, akajibiwa na mkubwa, akanyamaza. Chumba cha marubani kilikuwa na utamaduni wake, na siku ile ulikuwa na nguvu kuliko wa nchi.

Na sisi tuna Douala, Cameroon. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuruka usiku, watu wote 114 wakafa. Miongoni mwa waliyoyaandika wachunguzi ni kukosekana kwa uratibu kati ya marubani wawili. Mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi 23. Sitaki kuwasemea marehemu, wala sidai umri ndio ulioiangusha ndege. Nasema tu kwamba kila nikisoma namba hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja, namwona kijana na kabrasha.

Watu wa ndege hawakujaribu kubadili tabia za mataifa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini walifanya kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: walifanya kusema kuwe sehemu ya kazi. Msaidizi anafundishwa asemaje, kwa maneno gani, mara ngapi, na afanye nini asipojibiwa. Akinyamaza ndiye aliyekosa adabu ya kazi.

Hospitali zikafuata, na hapa habari inakuja nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, mwaka 2007 na 2008, lilichagua hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa Tanzania. Kabla ya kisu kugusa mgonjwa, kila aliye chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Orodha inasomwa kwa sauti: mgonjwa ni nani, tunapasua wapi, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Kwa jumla ya hospitali zote nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mara nyingi anayesoma ni muuguzi. Hampingi daktari. Anasoma karatasi. Karatasi ndiyo inayouliza, yeye ametumwa tu, na kutumwa sisi tunakujua vizuri. Mshenga akifika mlangoni na maneno makali hapigwi, maana maneno si yake.

Rafiki yangu muuguzi, nilipomweleza furaha yangu, aliguna. "Inategemea daktari wa zamu. Wapo wanaotaka uijaze upasuaji ukishaisha."

Siku ya malipo

Mkurugenzi aliniita kusaini malipo, akaniuliza kwa kuwa mimi ni mtu wa nje naonaje vikao vyake. Nilimwambia kwa uangalifu, mlango ukiwa umefungwa, na naomba mlitambue hilo.

Nikamshauri makabrasha yatoke siku chache kabla, watu waje na hesabu zao tayari. Mdogo kwa cheo aseme kwanza, kabla mkubwa hajaonyesha anaegemea wapi, na mwenyekiti asianze kamwe kwa "nimeshaongea na mzabuni". Kila ununuzi wa mashine uwe na kipengele ambacho fundi analazimika kukisoma kwa sauti: mzigo ni huu, uwezo wa mashine ni huu, tofauti ni hii. Akubaliane au asikubaliane, asome. Nilipofika kwa dereva nilimwomba amwache mzee wa watu aendeshe gari.

Alisikiliza vizuri. Alibisha kwamba wadogo wakianza watasema "naunga mkono" kabla hata hakijatajwa cha kuungwa mkono, na sikuwa na jibu zuri, maana nimeshaiona. Akaandika mawili matatu kwenye daftari.

Kisha akaweka kalamu chini. Akaniambia kuwa robo iliyopita bodi yake ilipitisha uwekezaji ambao yeye alijua haulipi. Takwimu alikuwa nazo mkobani. Mwenyekiti wa bodi aliuliza kama menejimenti ina maoni.

"Ukasema?"

"Dada, yule ni mzee wangu. Alinifundisha chuoni." Akafunga daftari. "Na usiniulize habari za dereva. Anaendesha mwenyewe."